Msomaji Bora wa Mwaka

Siku Sukari alipogundua kwamba paswedi ya maktaba ya chuo inamfungulia mtu majarida ya kitaalamu akiwa kitandani kwake, alicheka peke yake mpaka kinyozi aliyekuwa akimnyoa akamwomba atulize mashavu. Chuo kilikuwa kimeshalipia majarida hayo, kwa sharti kwamba wasome wanachuo tu.

Basi akajiandikisha kozi rahisi kuliko zote, ufugaji wa nyuki. Nyuki wenyewe hakuwahi kuwaona. Alichukua paswedi akaanza kuikodisha mjini: mhandisi, daktari wa meno, wakili.

"Hii ni halali kweli?" wakili aliuliza.

"Wakili, sheria unaniuliza mimi?"

Asubuhi moja mkutubi mkuu, mama mpole mwenye miwani ya kamba, aliona mwanafunzi wa nyuki anasoma madaraja, talaka na mizizi ya meno, kutoka nyumba tisa kwa wakati mmoja. Na wachapishaji wa majarida walishaandika: leteni ungamo la mhusika kwa maandishi, la sivyo Ijumaa tunakikatia chuo kizima majarida. Mama akanyanyua simu.

"Mwanangu, umefungua makala elfu mbili! Wewe ndiye msomaji bora wa mwaka. Njoo uchukue zawadi."

"Kubwa?"

"Nzito."

Sukari alifika na suti ya kuazima. Ukumbi ulijaa. Profesa mmoja akasimama: "Kijana, mizizi ya meno na nyuki wapi na wapi?"

"Profesa, asali inaozesha meno. Mfugaji mwenye utu atalalaje?"

Makofi! Hata profesa alipiga.

"Sasa sahihi yako, mwanangu," mama akasema, "kwamba makala zote zimefunguliwa kwa paswedi yako."

Sukari akatia sahihi yenye mikia mitatu. Mama akaikunja karatasi taratibu, akampa mwanasheria wa chuo.

"Tumepona. Ijumaa hatukatiwi. Wewe ndiye tuliyekukata, sasa hivi."

Sukari alielewa, akalikumbatia boksi la zawadi lililokuwa mezani akatoka mbio. Kwenye ngazi za nje akalipasua. Ndani: Masharti ya Kusoma Majarida Ukiwa Mbali, kurasa mia sita, jalada gumu.

Simu ikaita. Ni mteja wake mwingine, daktari wa mifugo, ananong'ona:

"Kaka, mbuzi nimeshampasua, ukurasa wa pili wa makala umegoma kufunguka! Nifanyeje?"

Sukari akalifunga lile jalada gumu.

"Mshone."