Jina Yangu Haiko mu Wimbo ya Biskwi

Kazi moja, 2 juni
Baridi. Nimeamuka, wimbo ya mutoto wangu inatoka ku madirisha yote ya avenue yetu, hapa Lubumbashi. Kwa mama wa mikate. Kwa kinyozi. Aimé wangu, nilimuzaa masaa kumi na ine bila kulia. Leo Kinshasa yote, kule anaishi, inamujua.

Wimbo inaitwa «Biskwi». Biskwi njo imbwa yetu. Aimé anaimba vile Biskwi alikuwa anamungojea ku mulango akitoka masomo, vile alimulalia ku miguu mwaka ya njaa. Nimesikiliza na kalamu mu mukono. Jina ya Biskwi: mara kumi na saba. Laurentine, jina yangu mimi: hakuna.

Na kwetu mwimbaji anaita majina ya bantu mu wimbo, ile banaita kutupa libanga. Aimé aliita producteur. Aliita tajiri wa simenti. Aliita hata Jean-Claude, mwenye kumukata nywele. Mwenye kumuzaa, kimya. Mwaka ile ya njaa nani alipika? Biskwi?

Kazi mbili, 3 juni
Mujinga, jirani, amekuja kuomba chumvi. Chumvi iko naye, nilimuona akinunua. Alitaka kuniuliza tu kama mimi nimesikia jina yangu mu wimbo, juu yeye masikio yake iko na shida. Nikamuambia iko mu version ndefu, ile ya Ulaya. Akasema, aa, kumbe ya Ulaya.

Mutoto wake Gaëlle anakaa hapa karibu, Kipushi, anamuletea samaki kila siku ya Mungu. Nikamuambia, pole, hakuna mutu anamujua Gaëlle ku radio. Akajibu ni kweli, mama Aimé, lakini samaki iko.

Kazi tatu, 4 juni
Aimé ametuma sauti. Sekunde kumi na tisa. Juma ijayo anarudi studio, wimbo itatoka upya. Anauliza kama Biskwi anakula. Sekunde kumi na sita za Biskwi, tatu zangu.

Nimepata mupango. Nitasema Biskwi anagonjwa. Aimé atakuja, miaka tatu hajakanyaga Lubumbashi. Akikuja atakula bukari na sombe yangu. Akikula atakumbuka. Akikumbuka ataniita mu wimbo. Kichwa yangu iko ya kutosha hata kama masomo niliacha pa kidato cha pili.

Nikamujibu na sauti ya matanga: Biskwi hakuli kitu tangu juzi. Biskwi mwenyewe alikuwa chini ya ukuta, anamaliza kichwa ya samaki ya Gaëlle.

Kazi ine, 5 juni
Aimé anataka foto. Shida: Biskwi iko munene. Nikamufunika kitenge mupaka shingo, nikamupaka unga ya muhogo ku pua aonekane hana damu. Akalamba. Nikapaka tena. Akalamba. Mujinga akatokeza kichwa juu ya ukuta, akauliza kama ninamukaanga na mafuta ao bila mafuta.

Foto ya tisa ilitoka vizuri. Aimé akaandika: mama, ninakuja.

Nimefua mapazia.

Siku ya posho, 7 juni
Ku uwanja ya Luano, nilifika masaa tatu mbele ya ndege. Nilivaa kitenge ya ndoa ya dada. Aimé amekonda. Amenikumbatia, amenukia muzuri, ameuliza Biskwi iko wapi.

Pa nyumba Biskwi akakata kamba, akamurukia, akazunguka kiwanja ya parcelle mara ine. Aimé akasema anaonekana na nguvu. Nikasema kikundi ya sala ilimuombea usiku na mchana. Akasema basi kikundi ya sala ataiita mu wimbo.

Siku ya Mungu, 8 juni
Sombe ilikuwa ya kulamba sahani. Aimé alimupa Biskwi nusu. Nikamukumbusha vile nilimubeba ku mugongo mupaka hospitali na surua yake. Akanishika mukono. Akasema mama, ninaona unachoka, ku miaka yako kuchunga imbwa mugonjwa si kazi. Ninamupeleka Kinshasa.

Ningesema nini? Kwamba imbwa ni muzima? Angejua mama yake ni mwongo.

Saa kumi balienda bote wawili. Biskwi mu cage, anaangalia nyuma. Aimé alikuwa mu telefone.

Kazi tatu, 11 juni
Nimepika bukari ya wawili. Mukono ilizoea. Halafu nikafungua mulango na kuita Biskwi, kwa nguvu. Mujinga alisikia. Nilingojea acheke. Akaleta kichwa ya samaki mu sahani, akasema alisahau na yeye. Tukakaa ku baraza.

Siku ya posho, 21 juni
Wimbo imetoka upya. Ameita kikundi ya sala. Ameita docteur ya banyama wa Kinshasa, mwenye kuona kwamba Biskwi hana ugonjwa hata moja. Pa mwisho kabisa anasema: «Mama Biskwi, asante.»

Njo mimi. Miaka makumi mbili na saba nilikuwa Mama Aimé. Leo asubuhi mama wa mikate ameniita Mama Biskwi, na kinyozi pia. Nilikasirika mupaka midi, saa sita. Kisha nikarudilia ile mwisho mara makumi tatu. Pa kusema «mama» sauti yake inashuka kidogo. Mujinga anasema haishuki.

Kazi moja, 23 juni
Nimenunua bata pa soko. Bata jike, mweupe, hana adabu. Mujinga ameuliza kama ni ya ubatizo ao ya harusi. Nikamuambia ni ya muziki.

Nimemupa jina Laurentine. Aimé akimuimba, atalazimika kusema Laurentine mara kumi na saba, hata makumi mbili, bata ana miaka mingi mbele. Nimemutumia Aimé foto, bata mu kitenge mupaka shingo. Nimeandika kwamba bata anapenda sana sauti yake, na kwamba tangu jana anakohoa.