Kasoro ya Sehemu ya Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Mwaka huu Kiti cha Nahodha ni changu. Nimeapa. Nimeapa kwa sauti mbele ya kioo cha dukani, mteja akadhani nasema naye, akarudisha miwani aliyokuwa akiijaribu na kuondoka.

Niandike mambo yalivyo, ili wajukuu wakisoma wasipotee. Sisi ni chama cha wapenzi wa Doria ya Mbali, tamthilia ya anga za juu iliyotutia wazimu tulipokuwa vijana. Tupo wanne. Kila Jumamosi mchana tunakutana karakanani kwa Fundi Sofa, katikati ya magodoro na misumari, tunaitazama kwenye kanda zetu za zamani za video. Mara moja kwa mwaka tuna Kikao cha Kasoro. Kila mtu analeta kosa moja alilogundua kwenye tamthilia. Lazima lionekane kwenye kioo cha televisheni, maneno matupu hayakubaliki. Tunapiga kura. Mshindi anakalia Kiti cha Nahodha mwaka mzima, na ndiye anayeamua tutazame nini.

Mke wangu huuliza, kama tunaipenda kiasi hicho, kwa nini tunaitafutia makosa. Nimemjibu mara nyingi kwamba asiyeipenda hawezi hata kuyaona. Huwa ananiangalia tu.

Daktari wa Meno ameshinda kila mwaka tangu tuanze. Na kiti chenyewe alikitoa yeye! Ni kiti cha zamani cha kliniki yake, bado kina kishikio cha beseni la kutemea. Yaani mtu ametoa kiti chake, akakishindania kiti chake, akakishinda, na sasa kila Jumamosi anajipandisha na kujishusha kwa kile kikanyagio huku sisi tumekalia sofa zisizo na vitambaa. Mwaka jana nilipata kura moja. Yangu.

Mke wangu ameniomba nimtafutie kanda ya marehemu baba yake, ile ya hotuba ya kustaafu. Mama mkwe anakuja Jumapili ya wiki ijayo, anataka kuisikia tena sauti ya mzee. Anasema ndiyo pekee iliyobaki. Haina maandishi, ina kibandiko cha njano tu. Nimesema sawa.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Shida ni kwamba kasoro nzuri zimekwisha. Milango ya chombo inayojifungua yenyewe, huku kidole cha mtu anayeivuta kikionekana pembeni: ilishatumika. Zimwi lenye zipu mgongoni: lilishatumika. Sayari zote kuwa shimo moja la mchanga lenye jiwe lile lile: Mwalimu wa Hesabu aliitumia, tena kwa michoro. Mhandisi anakufa sehemu ya tano, sehemu ya nane anamimina chai, na hakuna anayeshtuka. Hiyo ndiyo iliyompa Daktari ushindi mwaka jana.

Leo nikakumbuka hazina yangu. Sehemu ya kumi na mbili! Wenzangu hawana. Kanda ya Daktari ilitafunwa na deki miaka mingi iliyopita, na sijawahi kumwona mtu amehuzunika vile. Yangu niliirekodi mwenyewe siku ilipooneshwa kwa mara ya mwisho. Naikumbuka siku ile. Nilifika nyumbani nikihema, nikanyakua kanda ya kwanza niliyoiona, nikaitumbukiza. Nilikuwa nasimamisha kurekodi kila matangazo yakija, kisha naendelea. Kazi ya mtu makini.

Nimeitazama jioni. Nahodha anaamuru milango yote ifungwe, asipite hata mende. Zinaingia chenga kidogo. Na hapo, katikati ya amri ya Nahodha, anapita mwanamke wa gauni jeupe! Ana maua mkononi. Nyuma yake kuna mwanamume wa koti kubwa. Chenga tena, halafu Nahodha yule yule, mkono bado juu. Mwanamke hayupo. Hakuna anayeuliza ametoka wapi.

Nimerudisha nyuma nikatazama tena na tena. Deki yangu imezeeka na sura hazionekani sawasawa, lakini mimi naishi kwa kupima macho ya watu. Naelewa ninachokiona. Ni waigizaji wa tamthilia nyingine waliopotea njia studioni, na mwongozaji akazembea. Kasoro ya karne.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Kasoro peke yake haitoshi. Kura zinatafutwa.

Nimeanza na Fundi Sofa. Yule bwana haoni mbali, ndiyo maana kila mwaka anampigia kura anayeongea kwa sauti kubwa. Nimempelekea miwani mpya kabisa, zawadi, nimempima mwenyewe pale pale karakanani. Alipoivaa akatoa macho. Akasema kumbe ukuta wake una ufa. Akasema kumbe mimi nina mvi. Nikamwambia Jumamosi aitumie vizuri na amkumbuke aliyempa. Akasema hatasahau.

Bosi ameuliza fremu ile imeenda wapi. Nimesema iko kwenye majaribio.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Leo mke wangu. Kanuni yetu inaruhusu kila mwanachama alete ndugu mmoja mwenye haki ya kupiga kura. Hakuna aliyewahi kuitumia. Mke wa Daktari alisema afadhali ang'olewe jino.

Nimemsihi wangu tangu chai ya asubuhi. Akasema Jumamosi ana nguo za kufua. Nikasema nitafua mimi. Akacheka. Nikasema ni jambo la kufa na kupona, kwamba nimedharauliwa miaka yote hii na nahitaji mtu mmoja tu wa kunyanyua mkono. Halafu akasema, shingo upande, kwamba kama ni hivyo atakuja, kwa sababu hapendi kusikia kwamba nadharauliwa. Akauliza kanda ya baba imepatikana? Nikasema bado kidogo.

Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Hajawahi kuja hata siku moja.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Kazi imebaki moja. Deki ya karakanani ni mbovu kama yangu, na sitaki mtu aje kusema hakuona. Kwa hiyo nimejikaza, nimekwenda kliniki kwa Daktari mwenyewe kumwomba alete deki yake, ile anayoisafisha kwa pamba na spiriti kama gego la mgonjwa. Alikuwa na mtu kitini, mdomo wazi. Akaniuliza nina kasoro gani ya kutaka picha safi hivyo. Nikasema ataiona. Yule mgonjwa akajaribu kusema kitu, hatukumwelewa.

Daktari amekubali. Maskini, anajichimbia kaburi kwa mikono yake.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Sitaki kuandika. Lakini nimeahidi kuandika.

Mke wangu alivaa ile blauzi nzuri. Kila mtu alimsalimia kwa heshima, Daktari hata akataka kumpisha kitini. Akakataa, akakaa nyuma kwenye sofa lenye mguu mmoja mfupi. Mwalimu wa Hesabu alitangulia, akaleta sauti ya mlipuko mahali pasipo na hewa. Wakamwambia sauti haionekani kwenye kioo. Fundi Sofa akaleta mito ya viti vya chombo, kwamba mishono inabadilika. Daktari akaleta nywele za Nahodha, ambazo njia yake inahama kutoka kushoto kwenda kulia katika sentensi moja. Nzuri, lakini ya kawaida.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Kabla ya kuwasha kanda niliwaeleza watakachokiona, ili wasipitwe. Nikasema atapita mwanamke mnene kidogo, anayetembea kama aliyeazima viatu vinavyombana. Wakacheka. Nikatiwa moyo. Nikasema nyuma yake kuna bwana mmoja mwenye koti la mtu mwingine na sura ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Wakaangua kicheko kabisa. Mke wangu naye alicheka. Nilimsikia.

Nikabonyeza.

Deki ya Daktari ni safi. Lazima niseme hivyo. Chenga hazikuwepo hata moja.

Wa kwanza kugundua alikuwa Fundi Sofa. Aliisukuma miwani yake juu ya pua, akatazama kioo, akageuka nyuma, akatazama kioo tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefurahia kuona vizuri, kwamba huyo si ni shemeji? Mwalimu akasema na huyo wa koti ni msemaji wetu wa sasa hivi, aliyesimama pale na rimoti.

Daktari hakucheka. Alieleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa, kwamba kanda ilikuwa na harusi ndani yake, na mtu akarekodi tamthilia juu yake. Wakati wa kuruka matangazo kanda ilisogea kidogo, na kipande kile kikabaki. Mwalimu akauliza, na sehemu iliyobaki ya harusi iko wapi?

Niligeuka. Mke wangu alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba viatu vilikuwa vya dada yake, na kweli vilimbana, na siku ile alidhani hakuna aliyetambua. Akasema miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kanda ya harusi iliharibika kwa unyevu.

Mimi mwenyewe niliamini ni unyevu. Naapa!

Mwalimu akaamua kwamba kasoro ni ya mwenye kanda, si ya tamthilia, kwa hiyo haihesabiki. Lakini kura zilipigwa, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Mke wangu alinyanyua mkono wake kwa Daktari. Nilipata kura moja. Yangu.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Nimelala sebuleni. Amenipa shuka bila kusema neno. Chai amepika ya mtu mmoja.

Alipotoka kwenda kwa dada yake niliitazama ile kanda tena. Kile kipande tu. Sasa naona kila kitu. Anatembea kwa maumivu na huku anatabasamu. Na yule wa koti kubwa hakupotea njia hata kidogo. Anamtazama yeye. Amesahau kama kuna watu. Nilirudisha nyuma mpaka deki ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Nimeumia. Nasema bila kuficha, nimeumia, na Kiti cha Nahodha leo sikitamani.

Sikitamani sana.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Nimepiga moyo konde. Harusi itarudi nyumba hii.

Nimekwenda kwa shemeji, dada yake mwenye viatu. Alinifungulia mlango nusu. Akasema amesikia, na mtaa mzima umesikia. Nikamweleza shida yangu. Akaniacha nisimame pale mpaka majirani wakachoka kunitazama, kisha akasema anayo nakala ya harusi. Ndiyo, nzima! Lakini haitoi moja kwa moja. Niinakili, niirudishe Jumapili asubuhi, na nikiipoteza nisimwite shemeji tena.

Nikambusu mkono. Akaufuta kwenye kanga.

Alhamisi, tarehe 14 Juni

Kunakili kunahitaji deki mbili. Daktari ameniletea yake mwenyewe hadi mlangoni, pamoja na waya wa kuunganisha. Akasema ndoa ni muhimu kuliko tamthilia. Maneno rahisi kwa mtu mwenye kiti. Akasema tena kwamba kichwa cha deki yangu kimejaa uchafu, nikisafishe kwanza, nisije nikatazama kitu nisikitambue. Nikamshukuru. Sina muda wa pamba na spiriti.

Mke wangu ameanza kuongea. Amesema chumvi imekwisha. Baadaye akasema mama yake atafika mtondo, yaani Jumapili, na kama hiyo kanda ya baba haitapatikana basi nimweleze mwenyewe. Nikamwambia aniachie mimi. Kila jambo kwa zamu yake. Kwanza harusi.

Jumamosi, tarehe 16 Juni

Siku njema kuliko zote!

Wenzangu wako karakanani, mimi sikwenda. Mke wangu kaona sikwenda. Chai ilikuwa ya watu wawili. Kisha akatoka kwenda sokoni kwa ajili ya mgeni.

Picha ninayo kichwani. Anarudi, anakuta harusi kwenye kioo, nzima, kuanzia ukumbini hadi keki. Mama mkwe kesho anakaa katikati yetu, wote tunatazama. Nani atakumbuka hotuba ya kustaafu?

Kikwazo kilikuwa kanda tupu. Madukani hakuna tena, muuzaji wa redio alinicheka usoni. Nikapindua kabati, nikapindua masanduku, nikaingia hadi chini ya kitanda. Zote ni Doria ya Mbali, na hizo haziguswi. Mtu lazima awe na msimamo.

Nikakata tamaa, kisha nikaipata. Ilikuwa imeangukia nyuma ya droo ya cherehani ya mke wangu, imefungwa ndani ya kitambaa safi. Kanda nzuri, kama mpya. Haijaandikwa chochote, ina maana haina chochote. Kibandiko kidogo tu cha njano.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Sikurukia. Niliiweka kwanza kwenye deki yangu, nikaitazama mwanzo kuhakikisha. Chenga tupu. Katikati ya chenga kuna mzee fulani amesimama mbele ya watu, anakohoa, anajiandaa kusema neno. Tamthilia ya zamani tu, tena ya ovyo. Mzee ana kofia, chenga zinapita, mzee hana kofia, na hakuna aliyemwona akiivua.

Kasoro safi kabisa! Nimeiandika pembeni, yaweza kunifaa mwaka ujao.

Nimeunganisha waya. Nimebonyeza kitufe chekundu. Kanda zinazunguka vizuri, na namsikia mke wangu anafungua geti.