Namba ya Mke Wangu Iko Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejikomboa. Kampuni ya televisheni ya kebo, hiihii inayotuletea picha kwa waya, sasa inauza na laini za simu. Televisheni, intaneti na simu, kifurushi kimoja, bili moja. Binti wa kebo ameweka meza na mwavuli mbele ya karakana yangu ya fremu za picha. Mimi si mtu wa kufukuza bahati iliyokuja mlangoni yenyewe.

Sababu halisi naiandika humu tu. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni fundi wa minara katika kampuni yetu ya simu, ndiyo maana tunamwita Mnara. Anakuja kula na koti lake la kung'aa. Simu ya yeyote ikiita mezani, anasimamisha kijiko hewani na kusema tumshukuru yeye. Kila simu. Hata ya mtu aliyekosea namba!

Binti alieleza pia kwamba kebo hawana minara yao, wana kampuni mshirika. Sikusikiliza sana. Kila mtu ana washirika wake.

Jumanne, 4 Machi

Kifurushi kinataka laini mbili. Mke wangu hakutaka. Anashona magauni ya harusi, na namba yake imechapwa kwenye kila mfuko unaotoka humu ndani. Nikamweleza kwamba namba haibadiliki, inahama kampuni tu, kama mtu anavyohama nyumba na jina lake. Akauliza nani atabeba mizigo. Nikamwahidi chaneli ya mitindo. Akakubali, lakini kwa jicho lile analotazamia kitambaa chenye kasoro.

Tumeweka vidole gumba. Laini yangu imeshika papo hapo. Yake itafuata muda si mrefu.

Alhamisi, 6 Machi

Haijafuata. Kampuni ya zamani inasema namba imeshaondoka. Kebo wanasema haijafika. Nimeuliza sasa iko wapi. Binti amesema iko njiani. Nimeuliza njia gani, maana niko tayari kuifuata. Amenipa maji ya kunywa.

Bibi harusi wa Jumamosi alikuja kwa miguu, analia, akidhani mke wangu ametoroka na gauni. Mke wangu alimtuliza, akamvisha, akampunguzia kiuno. Mimi hakunigombeza. Alipiga pasi tu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe yupo hapa.

Huyu mama humpigia binti yake kila jioni. Huanza kwa kusema hana la kusema, kisha analisema mpaka chakula kinapoa. Tangu Jumanne simu ya binti yake haipatikani. Akampigia Mnara, kumbe Mnara yuko kazini juu ya mnara, simu ameiacha garini. Namba yangu hajawahi kuihifadhi. Basi akapanda gari la kwanza asubuhi, na mkoba, na chini kabisa ya mkoba nguo ya msiba, kwa lolote litakalokuwa.

Mke wangu alipofungua mlango, mama alimshika mashavu yote mawili. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema, "kama simu zimeharibika, si mngenipigia nijue?"

Nikaupokea mkoba wake.

Jumapili, 9 Machi

Mnara amekuja kula. Simu yangu ikaita. Akasimamisha kijiko, akadai shukrani zake. Saa yangu imefika! Nikaweka kijiko changu chini, nikamweleza taratibu kwamba tumeihama kampuni yake, na kuanzia leo hana fungu katika mazungumzo ya nyumba hii. Akauliza tumehamia wapi. Nikasema kebo.

Hakucheka. Hapo ndipo aliponiumiza. Alijifuta mdomo, akanieleza kwa upole, kama daktari na mgonjwa wake, kwamba kebo wanakodi mtandao kwao. Yule mshirika ndiyo kampuni yake. Mnara ni uleule wa nyuma ya soko, na juzijuzi alikuwa juu yake akifunga vifaa vya hao hao kebo. Kumbe nimetoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto.

"Shemeji," akasema, "karibu tena nyumbani."

Kisha akatoka uani, akampigia mwenzake wa ofisini anayeshughulikia namba zilizokwama. Wala hakuombwa. Alirudi akaendelea kula. Kabla hatujanawa mikono, simu ya mke wangu ikaita. Mpigaji wa kwanza alikuwa mama mkwe, akijaribisha kutoka sebuleni. Waliongea sana, ukuta katikati.

Jumanne, 11 Machi

Simu imepona, mama mkwe haondoki. Amegundua chaneli ya mieleka. Kochi langu sasa ni lake, na mto wa mgongo ni wake.

Nimeenda kwa binti wa kebo, nikamwomba aondoe televisheni atuachie simu na intaneti. Amesema vitatu vimefungwa pamoja, na viwili ni ghali kuliko vitatu. Nimemwomba arudie. Amerudia. Nimerudi nyumbani.

Nikabuni mpango wa pili. Nilichomoa waya nyuma ya televisheni, nikatangaza kwa huzuni kwamba imekufa. Mama mkwe akainama, akauchomeka. Akanipa pole. Amesema na marehemu mume wake alikuwa hivyohivyo, kitu kiko mbele ya pua na hakioni.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa kukosa pengine pa kukaa, nimekaa naye. Amenifundisha mieleka. Mwenye bukta ya kijani usimwamini, anajifanya kuchechemea. Tulipiga kelele mpaka mke wangu akatoka chumba cha kushonea, pini mdomoni, kuona nani kaumia. Alitukuta tumeshikana mikono. Akarudi zake, lakini nilimsikia akicheka peke yake kwenye cherehani.

Matangazo yalipoingia, mama mkwe alisema jioni za kwake zimekuwa ndefu tangu baba mkwe afariki. Akasema simu yake ya jioni si ya habari. Anapiga ili asikie vyombo vya nyumba yenye watu vikigongana.

Nikaongeza sauti ya televisheni. Baadaye akaniomba namba yangu aihifadhi. Nilichungulia ameandikaje. Ameandika: Wa Mieleka.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe ameondoka. Nimemsindikiza stendi mwenyewe, nikabeba mkoba, na sikuona kama mzigo.

Langoni kwa stendi kulikuwa na meza ya kampuni ya gesi ya kupikia. Nao sasa wanauza laini za simu! Ukihamia kwao na namba yako, mtungi unaletewa mpaka mlangoni. Mama mkwe akaniuliza kama ni kitu kizuri. Nilitafakari kwa kina, maana huyu ni mama yangu sasa. Kosa la kebo nimelichambua vizuri, na kosa lao ni waya. Gesi haina waya. Nikamwambia aweke kidole gumba bila wasiwasi.

Kwenye dirisha la basi alinishika mkono akaniombea heri. Nimerudi nyumbani kwenye kochi langu. Ni pana mno.

Jumatatu, 17 Machi

Jioni simu haikuita. Mke wangu akapiga yeye. Namba haipatikani. Akapiga tena, akasimama dirishani na simu mkononi. Nikasema mama amechoka na safari. Hakugeuka.

Mnara alipofika ikabidi niseme habari ya gesi. Akavua koti lake la kung'aa na kulikunja polepole, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akasema gesi nao wanakodi kwao, na ofisi ya namba zilizokwama imefungwa mpaka kesho. Mke wangu aliingia chumbani. Nikamfuata, nikamshauri asihangaike, kwamba mama mwenyewe akiona kimya atapanda basi aje. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mtu aliye peke yake gizani na simu isiyoita atajuaje kwamba wanaomtafuta wapo.

Nilimletea mkoba kutoka juu ya kabati. Akaniagiza nilete na wa pili. Wa pili ni wangu. Tunaondoka na gari la kwanza, sote watatu. Mnara ameomba ruhusa kazini.

Nimepanga kukaa na mama mkwe wiki nzima, akinivumilia. Naenda kwa moyo mkunjufu kabisa. Na basi linasimama mbele ya shirika la maji, ambako nasikia wameanza kuuza televisheni. Nitashuka kuuliza tu.