Kiti cha Pili Kwenye Boti ya Maboya

Jumapili, 1 Juni

Baba Bosi amepiga simu saa tisa, kama kila Jumapili. (Bosi ni mtoto wetu. Ana miezi kumi na anatuamrisha wote.) Kaniuliza habari. Nikasema nzuri. Kaniuliza kuna jipya gani. Nikatazama chumba. Kitanda. Meza ya pasi. Mlima wa mashati ya watu. Bosi anatafuna kiatu. Hakuna jipya. Kimya. Nikamsikia anavuta pumzi ya kuaga. Naijua ile pumzi!

Ndipo mdomo ukaniponza. Nikasema siku hizi navua samaki bwawani. Kwa boti yake. Tena nimesimama!

Alicheka, jamani. Alicheka mpaka wenzake wa kambini, huko anakofanya kazi, wakamuuliza kuna nini. Akasema kumbe ameoa mvuvi na hakuambiwa. Akasema anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, ana ruhusa ya siku mbili, na safari hii kiti cha pili ni changu.

Kiti cha pili! Boti ina viti viwili tu. Kimoja hukalia yeye, kingine hukalia rafiki yake Kinyozi. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni wananuka matope, wanakula, basi. Katika siku mbili mimi naambulia mgongo wake akikoroma. Sababu yao ni moja: bwawa limejaa magugu, samaki haonekani mpaka usimame. Asiyeweza kusimama ni mzigo, na mzigo hubaki nyumbani.

Sijawahi kuipanda hiyo boti. Hata kwa kukaa.

Lakini napiga pasi saa nane kwa siku, kwa miguu yangu hii miwili. Kusimama ndiyo kazi yangu!

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda kwa Kinyozi. Nilijidai nampelekea vitambaa vyake vilivyopigwa pasi. Boti inakaa nyuma ya duka lake, imeegemezwa ukutani: maboya mawili marefu ya mpira yanayojazwa upepo, fremu ya bomba, ubao wa kukanyagia katikati, viti viwili. Kiti cha pili kimebonyea. Kinyozi akasema shemeji, hapo ni umbo langu, nimekikalia miaka sita.

Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, mtu anasimamaje humo. Mkasi ukabaki hewani. Mteja naye akageuza kichwa, nusu kimenyolewa. Kinyozi hawezi kuulizwa jambo akaacha kufundisha, namjua kwa hilo.

Akasema kwanza jaketi la kuelea, limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Pili hukurupuki. Unapiga goti, unaushika ukamba wa mbele, unapanda pole pole. Miguu iachane upana wa mabega, magoti yalegee. Macho yatazame ukingoni. Ukiyatazama maji, na maji yatakutazama. Wasisimame wawili kwa wakati mmoja, hata kama samaki ana meno ya dhahabu. Na kabla ya yote, unapiga hodi. Unasema, "Nasimama!" Mwenzako akijibu, "Simama!" ndipo unainuka. Asipojibu, unakaa.

Halafu akaniuliza nauliza ya nini. Nikasema ya kujua tu. Akasema shemeji, kujua tu hakujawahi kumnyima mtu kiti chake. Akarudi kunyoa. Yule mteja ametoka na upara upande mmoja.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi. Nimelaza madumu mawili ya maji, tupu, nikaweka juu yake ubao wa kabati lililovunjika. Boti kamili! Bosi mgongoni kwenye mbeleko, kwa sababu nikimweka chini anatambaa kwenda kwenye pasi.

Nikasema, "Nasimama!"

Kimya. Redio ya jirani. Bomba linadondoka.

Nikangoja kidogo. Ni upuuzi kungoja jibu katika chumba chako mwenyewe, lakini nilingoja. Kisha Bosi akasema "Ba!" Nimelihesabu kuwa ndiyo.

Nimesimama hesabu ya sita. Dumu la kushoto likatoroka. Tumetua kitandani, Bosi akataka tena.

Jumatano, 4 Juni

Wifi amekuja, dada yake Baba Bosi. Amenikuta juu ya madumu. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza kama balbu imeungua. Nikamweleza. Akacheka akakaa. Akasema wifi yangu, wewe ungemwambia tu umemkumbuka, si ingekuwa rahisi zaidi? Nikasema kwenye simu haisemeki. Akaacha kucheka. Akasema kesho atakuja kumshika mtoto, niende nikazame kwa raha zangu.

Bosi leo amesimama peke yake akishika meza ya pasi. Hesabu ya kumi na moja. Mimi rekodi yangu ni tisa. Nimefurahi sana. Nimeona wivu pia, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 5 Juni

Bwawani! Kinyozi alinisaidia kuifikisha boti kwa mkokoteni, akaijaza upepo kwa mdomo wa huzuni na pampu ya miguu. Halafu akawahi wateja.

Langoni pana mama mmoja mnene anayegawa jaketi na kuandika majina. Wote wanamwita Mama Lango. Akanikaza mikanda mpaka nikakohoa. Akasema leo nisiende zaidi ya kamba, maji ya kiuno, na boti ibaki imefungwa kwenye gati.

Nikapanda. Nikapiga goti. Miguu, magoti, macho ukingoni, yote! Nikasema, "Nasimama!" Nikasimama.

Nikaenda mbele kama mtu aliyesukumwa. Chubwi!

Nimepanda mara saba, nimeanguka mara saba, zote kifudifudi. Mama Lango akaacha kula karanga zake akaniuliza kama kuna kitu nimekiangusha huko chini.

Usiku huu ndipo nimeelewa. Siku zote nimefanya mazoezi na Bosi mgongoni. Kilo tisa! Mwili umezoea kuinama mbele ili tulingane. Bila yeye sina mizani. Nimekaa nikamtazama akilala. Kumbe ni yeye ananisimamisha.

Mtoto hapandi boti, hilo hata mimi mjinga najua. Lakini kilo tisa ni kilo tisa.

Jumapili, 8 Juni

Simu. Baba Bosi ameuliza nimepata samaki wa aina gani. Nikasema wale wa kawaida. Akauliza wakubwa? Nikasema wanatosha. Akasema amewasimulia wote kambini, mpishi anataka kuniona. Tumezungumza dakika kumi na nne. Huwa ni tano.

Siwezi kurudi nyuma sasa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwacha Bosi kwa wifi, nimekwenda bwawani na mchele. Kilo tisa, kwenye mfuko, nimeubeba mgongoni kwa mbeleko, vizuri kabisa. Mama Lango akanisimamisha. Akasema mtoto haingii. Nikasema si mtoto. Akafunua. Akautazama ule mfuko muda mrefu. Akasema mwanangu, nimekaa hapa langoni miaka kumi na miwili.

Kisha akasema jaketi linakuvuta juu, mchele unakuvuta chini, wewe katikati utakuwa wa nani? Akaubakisha mchele kibandani kwake. Akaniamuru nisisimame kabisa saa nzima. Nipige goti tu. Goti na kukaa, goti na kukaa, mpaka mgongo usahau mtoto.

Mgongo kusahau mtoto! Umechukua saa moja na nusu. Halafu nikasema, "Nasimama!" kama desturi, sikungoja mtu, nikainuka.

Nikasimama!

Hesabu ya arobaini. Magoti laini, macho kwenye ukingo. Ndege mmoja mweupe upande wa pili naye amesimama. Nikatupa ndoano. Nikaivuta. Nikatupa tena. Niligeuka kuona nani ameniona. Mama Lango alikuwa ameingia ndani kutafuta kalamu. Gati tupu. Nikabaki nimesimama hesabu nyingine ishirini, labda atatoka.

Hata hivyo. Nimesimama! Keshokutwa mume wangu anakuja na mimi nasimama!

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja. Amekonda. Bosi alimlilia kama mgeni, kisha akamshika sikio akakataa kuliachia. Kinyozi alifika kusalimia, akasema hana kinyongo, akamkabidhi boti na kunitakia heri kwa sauti ya matanga. Nimepiga pasi suruali yangu ya kuvulia. Ndiyo, nimeipiga pasi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika na nywele mbichi.

Asubuhi ilikuwa asubuhi ya kuwekwa kwenye fremu. Wifi alibaki na Bosi. Mama Lango akatukaza jaketi wote wawili, akanikonyeza. Nikakalia kiti cha pili. Kimebonyea kwa umbo la Kinyozi, nilizama kama kwenye sufuria. Sikujali! Baba Bosi akapiga kasia. Akaniambia habari za kambini, za mpishi, za mwenzake anayeongea usingizini. Alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Hakuna hata pumzi moja ya kuaga.

Tukafika kwenye magugu. Maji marefu. Yeye amekaa mbele, kanipa mgongo, anatayarisha ndoano. Nikaona samaki, kivuli chake, kama mkono. Saa imefika!

Nikapiga goti. Miguu, magoti, macho. Nikasema, "Nasimama!" Nikasimama.

Sikungoja jibu. Nimesema hodi wiki mbili na hajanijibu mtu isipokuwa Bosi. Nilisahau kabisa kwamba kuna wa kujibu.

Naye alikuwa ananijibu. Lakini jibu lake lilikuwa, "Ngoja, nasimama mimi!" maana na yeye alishamwona samaki. Wawili, wakati mmoja, upande mmoja.

Boti haikupinduka. Ni imara, niseme ukweli. Ilituinamisha tu, taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya ugali, ikarudi sawa bila sisi.

Jaketi lilinipandisha juu mara moja. Nilipiga kelele hata hivyo. Sijui kuogelea. Hilo sikuwahi kumwambia, hakuwahi kuuliza. Akaniwahi, akanishika ukosi wa jaketi, kisha mkono, akanivuta na boti mpaka ukingoni. Huko maji yanafika magotini na bado alikuwa amenishika. Sikumkumbusha.

Fimbo yake ya kuvulia imezama. Ile aliyopewa na marehemu baba yake.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye nyasi, anatiririka, akaniuliza hujui kuogelea? Nikasema hapana. Akauliza na wale samaki wa kawaida? Nikasema hakukuwa na samaki. Akasema asiyejua kuogelea hapandi boti yangu tena, sitaki kupigiwa simu kambini nikaambiwa habari. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Labda ni baridi.

Jumapili, 15 Juni

Amekwenda na Kinyozi. Alfajiri. Wanatafuta fimbo kwa ndoano ya kuburuza. Kinyozi alipita hapa anapiga mluzi.

Wamerudi saa saba bila fimbo. Amekula, amembusu Bosi, amebeba begi. Nilimpigia pasi shati la safari mara mbili. Stendi alisema nijiangalie. Nikasema na wewe. Basi likaondoka saa kumi. Bosi ameendelea kupunga mkono mpaka tumefika nyumbani, anapungia kila mtu.

Nimefua jaketi la Mama Lango nililorudi nalo jana, sikujua kama linafuliwa. Vikombe viwili kwenye karai. Nimeosha kimoja. Kingine nitakiosha kesho.

Jumapili, 22 Juni

Saa tisa. Simu.

Kaniuliza habari. Nzuri. Bosi je? Ametembea hatua mbili, akakaa. Akafurahi. Akasema fimbo imesamehewa, hata baba yake iliwahi kumponyoka. Nikashukuru. Akauliza kuna jipya gani. Nikatazama chumba. Kitanda. Meza. Mashati.

Kimya.

Nilitaka kusema lile alilosema wifi. Wallahi nililifungulia mdomo. Nikaisikia ile pumzi inavutwa.

Nikasema nimejifunza kuogelea.

Akauliza lini! Nikasema wiki hii. Akasema wewe mwanamke wewe! Akaita wenzake. Tumezungumza dakika kumi na tisa. Anakuja mwisho wa mwezi ujao, na amesema tutavuka bwawa pamoja mpaka ng'ambo, bila boti.

Mwezi mzima na siku nane! Na kuogelea ni kulala tu juu ya maji. Hakuna hata haja ya kusimama.