Bibo Nililomrushia Ghala

Leo nimejifedhehesha, wenzangu. Si kidogo. Naandika kutoka duka la intaneti hapa Masasi, shati limejaa vumbi la magunia, na mwenye duka ananitazama kana kwamba nitamwibia kipanya.

Kazi yangu mnaijua. (Hamuijui. Kila tukikutana mnaniomba nitengeneze printa.) Mwaka wa nne sasa natafiti namna ya kubuni programu kwa objekti. Yaani programu unaigawa katika vitu: mkulima, mzani, ghala. Kila kitu kinajua kazi yake, na hakifanyi chochote mpaka kitumiwe ujumbe. Basi, ndiyo hiyo tu. Kwa hilo nimesomeshwa mpaka Ulaya.

Njia ninayoitafiti haianzi na kompyuta, inaanza na watu. Unawagawia kadi, kila mmoja anakuwa objekti, halafu wanarushiana mpira. Mwenye mpira ndiye anayesema. Ulaya waliiona ni jambo la kisomi sana. Msimamizi wangu akataka niijaribu kwa watu wa kweli, nami nikachagua chama cha wakulima wa korosho kule Mkunya, Newala.

Kwa nini Mkunya? Utafiti, jamani. (Na kwao Hadija ni Mkunya.)

Hadija ni mwalimu hapa Masasi. Mjomba wangu alishapeleka posa kwao, na jibu lilikuwa linatoka leo mchana. Wakwe zangu mimi sijawahi kuwaona. Kwetu huku ndivyo inavyotakiwa, hasa kwa mama mkwe. Mkwe mume na mama mkwe hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani unachepuka, unaingia mikoroshoni, unasubiri apite. Hadija alishanionya: "Mama ni mtu wa mila. Dada aliposwa na bwana mmoja wa benki, Mama akamkataa kwa sababu alimnyooshea mkono."

Hadija alikuwa ametangulia kwao tangu jana; asubuhi mimi na mjomba tukapanda gari. Tuliposhuka Mkunya akanishika bega.

"Mimi naenda kwa wakwe. Wewe kafanye hayo mambo yako ya chuo, na usionekane."

"Sionekani, mjomba."

"Una mdomo sana, Rashidi."

"Nanyamaza, mjomba."

Katibu wa chama alikuwa ananisubiri kwenye baraza ya ghala na wanachama wawili. Akanitambulisha: "Huyu ni dokta kutoka Dar." (Si dokta. Sikumsahihisha. Ilinipendeza.) Mzee Chilumba, mkulima wa siku nyingi, akauliza kampuni yangu inanunua kilo kwa bei gani. Tangu biashara iachiwe huru, huku kila anayeshuka garini na begi ni mnunuzi. Nikamwambia mimi sinunui. Akaegemea ukuta, akafumba macho.

Mwanachama wa pili alikuwa mama wa makamo anayeshika funguo za ghala. Wote wanamwita Mama Athumani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, cheupe chenye maua ya bluu, kinanukia udi.

"Shikamoo, mama." Nikampa na mkono.

Akautazama ule mkono, akaugusa kwa ncha za vidole. "Marahaba. Fanya haraka, mwanangu, nina wageni nyumbani."

(Mtu mwenye akili angeuliza ni wageni gani. Mimi nina shahada mbili.)

Nikagawa kadi. Mzee Chilumba akawa Mkulima, katibu akawa Mzani, Mama Athumani akawa Ghala. Mimi nikawa Mnunuzi. Nikatia mkono kwenye begi nitoe mpira. Mpira nimeusahau Masasi! Nikaangaza huku na huku, nikaona mkorosho pembeni umejaa mabibo. Nikachuma moja, jekundu, limeiva hasa. (Nyinyi wa Dar: bibo ni lile tunda ambalo korosho inaning'inia chini yake. Maji yake yakiingia kwenye nguo hayatoki. Nguo hiyo inakuwa ya shamba. Mimi hilo nalijua tangu utotoni.)

Tukaanza. Mkulima akamrushia Mzani. Mzani akataja kilo, akamrushia Ghala. Ghala akalidaka, akaliweka mapajani, akatulia.

"Mama, sema umepokea."

"Si mmeniona nimepokea?"

"Ndani ya objekti hapaonekani, mama. Lazima iseme."

"Haya. Nimepokea." Akamgeukia katibu kama mtu anayeuliza mgonjwa huyu ni wa nani.

Akanirudishia bibo. Hapo ndipo ualimu uliponipanda. Nikasimama. Nikamtazama machoni. Nikamnyooshea kidole.

"Ghala! Mimi ni Mnunuzi. Toa gunia!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ghala haliulizi maswali! Ghala linatii ujumbe! Usizubae, Ghala!"

Na nikarusha.

Mikono yake ilikuwa juu inaweka sawa mtandio. Bibo likampata kifuani, likapasuka. Maji yakashuka polepole, yakapita kwenye maua ya bluu yote, yakafika magotini. Mzee Chilumba akafumbua macho.

Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Nikageuka. Walikuwa wanaume wawili wamesimama. Wa kwanza, mzee mwenye baraghashia, akasema kwa upole, "Mama Athumani, wageni wamefika. Hadija anaulizia ufunguo wa kabati la vikombe."

Wa pili alikuwa mjomba wangu.

Mjomba alilitaja jina langu, akaongeza neno moja la Kimakua. Nyinyi hamlijui, na mama yangu angependa libaki hivyo hivyo.

Kumbe Athumani ni kaka mkubwa wa Hadija! Miezi yote hii Hadija ananisimulia "kaka kasema, kaka kafanya," nami sikuwahi kuuliza huyo kaka anaitwa nani. Na kazi yangu, jamani, kazi niliyosomea, ni kuuliza nani anahusiana na nani.

Sasa mila inasema nichepuke. Nichepukie wapi? Mbele mama mkwe, nyuma baba mkwe. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Nikatimka, nikaingia, nikajibanza nyuma ya magunia. Halafu nikagundua kwamba lile ghala lina mlango mmoja, na mama mkwe ameketi mbele yake.

"Katibu," nikamsikia, "mwambie huyo mgeni kwamba nguo hii niliinunua kwa ajili ya leo."

Katibu akaingiza kichwa. "Anasema nguo aliinunua kwa ajili ya leo."

"Nimesikia. Mwambie namwomba radhi, mama wa watu."

"Anasema anakuomba radhi."

"Mwambie nimepokea. Si kasema lazima niseme?"

Wakwe na mjomba wakaondoka. Mzee Chilumba alibaki na katibu, nikamsikia anamuuliza kwa sauti ya chini: "Hivi huyu kweli hanunui?"

Nisiwafiche, niliogopa. Nilijua Hadija ndiyo basi tena. Nikaanza kutunga namna ya kumweleza, na kila nilipoanza sentensi ilibidi nianze na bibo. Machozi yalinitoka kidogo. (Vumbi nalo lilichangia.)

Baada ya muda mrefu mjomba akaingia. Akaketi juu ya gunia, akavua kofia, akanitazama.

"Wamekubali."

Sikumwelewa.

"Baba mtu alikuwa anasita. Mama ndiye aliyesema ndiyo. Alikuwa amekwisha kukukataa, Rashidi, mpaka pale ulipotimka. Anasema msomi mwingine angebaki pale anajieleza. Wewe ulipomjua tu ni nani, ukamkimbia. Anasema hiyo ndiyo heshima, na hajapata kuiona kwa mtu wa chuo."

"Alhamdulillahi!"

"Subiri. Kuna sharti."

"Lolote, mjomba!"

"Siku ya harusi husemi. Shehe akikuuliza utaitikia, basi. Na mkononi hushiki kitu, hata glasi ya juisi. Utanyweshwa."

Nimekubali. Msimamizi wangu nimemwandikia kwamba jaribio limefanyika na washiriki waliguswa sana. Hakuna uongo hapo.

Harusi ni baada ya msimu wa korosho, huko huko Mkunya, na nilikusudia kuwaalika nyote. Anayecheka sasa hivi abaki Dar.