Jinsi Radi Alivyotamka Hapana Mbele ya Ukumbi Mzima

Sogeeni, enyi mliowahi kukaa safu ya nyuma mkiomba saa ikimbie. Sogeeni nanyi mlionakili ubaoni msichokijua, mkakipigia mstari kwa wino mwekundu ili kifanane na elimu. Mwenye kutafuna na ameze, mwenye simu na aigeuze kifudifudi. Nawasimulia tendo lililotendeka mchana kweupe, mbele ya mashahidi mia mbili na ushee, nami nikiwamo, nyuma ya nguzo, mahali ambapo mhadhiri hakuoni nawe humwoni ila ukichungulia. Nawasimulia jinsi kijana mmoja, mwana wa fundi cherehani, alivyofungua kinywa chake akatamka neno ambalo ukumbi ule haukuwa umelisikia tangu ulipoezekwa.

Jina alilopewa na wazazi wake tulilisahau wiki ya kwanza. Sisi tulimwita Radi, kwa sababu ya sauti yake, sauti ya kutangazia habari mtaa wa pili bila kipaza sauti, nayo aliitumia kwa kazi moja tu. Ilikuwa desturi katika ukumbi ule kwamba mhadhiri wa takwimu, mtu mwembamba mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akishaujaza ubao hugeuka na kuuliza, "Tumeelewa?" Nasi kwa umoja wetu, kama jeshi lililozoea kushindwa, hujibu, "Ndiyo." Na juu ya ndiyo zetu zote ilipaa ndiyo ya Radi, ikavitikisa vioo vya madirisha, na mhadhiri akaufuta ubao kwa furaha na kusonga mbele.

Hakuna aliyemlazimisha. Siku ya kwanza ilimtoka tu kwa uchovu, akaona watu wamegeuka kumtazama kwa heshima, akanogewa. Haukupita mwezi akawa ndiye mshika bendera wa kuelewa katika chuo kizima, na kumbe debe lenyewe tupu.

Basi ikawa, siku ya Jumanne, tangazo likabandikwa mlangoni pa ukumbi: mtihani ni Jumatatu ijayo, na swali la kwanza ni la lazima, nalo lahusu Mkengeuko Sanifu, kile kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika. Watu walilitamka jina hilo taratibu, kama jina la jitu linalovizia wasafiri njia panda. Radi akarudi chumbani akafungua daftari lake, akakuta kurasa alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, na asifahamu hata moja. Akazisoma tena polepole. Akazisoma akiwa ameinamisha kichwa. Jitu halikutikisika.

Na jueni lililokuwa hatarini, msije mkadhani namkuza mtu bure. Aangukaye somo lile hurudia mwaka. Na mwaka ufuatao ndipo mdogo wake wa mwisho angeingia chuo kile kile na somo lile lile, msichana mwenye ulimi mwepesi na kumbukumbu isiyosamehe, ambaye tangu utotoni ndiye mpeleka habari wa nyumba kwa mama. Radi alijiona ameketi naye benchi moja, akiazimwa kalamu na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Akamwendea kwanza mwenzake wa chumba, shujaa ajulikanaye kwa jina la Godoro, kwa kuwa hakuachana na godoro lake ila kwa dharura.

"Ndugu yangu," akanena Radi, amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kifuani, "wewe niliyekula nawe sufuria moja, nikakwangua nawe ukoko mmoja, niambie bila kunificha. Jambo hili la Mkengeuko Sanifu, wewe umelielewa?"

Godoro akatoa kichwa nje ya shuka. "Mimi? Si umelielewa wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema ndiyo mpaka nikashtuka usingizini. Nikajiambia, aa, huyu naishi naye, atanieleza chumbani. Nikalala tena."

"Na mimi nimekuja unieleze wewe."

"Basi tumekwisha," akasema Godoro, akarudi alikotoka.

Radi hakukata tamaa. Kesho yake akaitisha baraza la majadiliano katika chumba cha kusomea, wakaja mashujaa watano kutoka safu mbalimbali, kila mmoja na kalamu mpya na karatasi tupu, wakaketi wote wakimtazama yeye. Kila mmoja alikuwa amekuja kufundishwa. Mwishowe mmoja wao akafungua pakiti ya biskuti, na hizo biskuti ndizo kitu pekee kilichogawanyika sawasawa siku ile.

Ndipo Alhamisi jioni, akiwa hana tena pa kukimbilia, akampigia simu dada yake mkubwa. Dada huyo alipita chuo hicho hicho kabla yake, na sasa ni muuguzi. Siku Radi alipoondoka nyumbani alimwekea amri zake mlangoni: usimwazime mtu mwiko wako, usifue shuka jeupe pamoja na soksi nyekundu, lala kabla ya mtihani, si ndani yake, na ukae mbele, mdogo wangu, mbele. Katika hizo zote Radi alikuwa ameishika ile ya mwiko tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefua shuka?"

"Dada, vita vimenizingira pande zote. Adui amepiga kambi langoni, marafiki wameniacha, silaha zangu zimekuwa butu mkononi mwangu, na Jumatatu..."

"Ngoja kwanza. Unaumwa?"

"Siumwi. Sijaelewa takwimu."

"Mwalimu umemwambia hujaelewa?"

Radi akaanza kukunja kona ya daftari lake.

"Akiwauliza, mnajibu nini?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaijibu kwa sauti yako hiyo?"

"Ndiyo."

Dada akacheka mpaka ikasikika sauti ya mtu pembeni akimuuliza kulikoni. Kisha akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Mficha uchi hazai. Kesho kaa mbele, na akiuliza mwambie hapana. Hakuna anayekufa kwa hilo, mimi niko wodini kila siku, ningekuwa nimemwona. Ila usiseme umepotea halafu ukae. Mwambie umepotelea wapi. Haya, nenda kafue shuka."

Ijumaa ikapambazuka. Shujaa akaoga, akajipaka mafuta, akapiga pasi shati lake upande wa mbele na kuuacha mgongo na makunyanzi yake, kwani, alimwambia Godoro, shujaa hampi adui mgongo. Godoro akaona hoja ile ina uzito. Wala hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba akaaye safu ya mbele mgongo wake hutazamwa na watu wote.

Akaingia ukumbini, akaipita safu ya nyuma alikotawala muhula mzima, akaanza kuteremka ngazi. Wenzake wa zamani wakamwita, "Radi, umepotea?" Hakugeuka. Akateremka akiwa na daftari kwapani mpaka safu ya kwanza kabisa, alipoketi binti tuliyemwita Rula, kwa jinsi pambizo za daftari lake zilivyonyooka, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifuta kosa. Rula akalitazama lile shati, akausogeza mkoba wake.

Mhadhiri akaandika. Chaki ikalia, namba zikapanga safu juu ya namba, alama za kujumlisha zikakaa kama walinzi mlangoni, na pale juu kabisa ya kila tofauti kikaketi kile kidogo cha mbili, kipeo cha pili, ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi wala kimetumwa na nani. Ubao ukajaa. Mhadhiri akainua dasta kwa mkono wa kulia, akageuka.

"Tumeelewa?"

"Ndiyo," tukajibu, nayo ikatoka dhaifu na yenye kuyumba, kwa kuwa haikuwa na Radi ndani yake. Mhadhiri akasubiri, dasta ikiwa hewani, akitafuta kwa macho ile ngurumo iliyozoea kumpa ruhusa.

Na hapo, enyi wasikilizaji, mwoneeni huruma. Koo lililozoea njia moja ni kama punda aliyezoea sokoni. Ndiyo ilikuwa imekwisha kufika mlangoni pa meno yake, imevaa na viatu. Akalishika benchi kwa mikono yote miwili. Nimeambiwa hivyo na Rula, ambaye benchi lake lilitikisika. Radi akamwona tena akilini mdogo wake akimwazima kalamu. Akasimama.

"Hapana."

Alikusudia kuisema polepole. Lakini sauti ile haikuwahi kufunzwa kusema polepole, nayo ikaondoka yote kwa mara moja, ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi, vioo vikalia, na dasta ikamponyoka mhadhiri ikaanguka sakafuni kwa wingu jeupe. Kule nyuma Godoro akaamka.

"Hapana nini?" akauliza mhadhiri.

"Sijaelewa, mwalimu."

"Hujaelewa wapi?"

Ubarikiwe, dada muuguzi, popote ulipo. Radi akanyoosha kidole kuelekea ubaoni. "Hapo kwenye kile cha mbili pale juu. Kwa nini kila tofauti tunaiweka kwenye kipeo cha pili? Kwa nini tusizijumlishe tu zilivyo?"

Mhadhiri akatuangalia wote. "Nani mwingine hajaelewa?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Rula. Tukashtuka kuliko tulivyoshtuka kwa Radi. Baada ya hapo mikono ikaota ukumbi mzima, na Godoro, ambaye hakujua swali ni lipi, akainua yote miwili. Wangu nao ulikuwamo, ingawa nguzo iliuficha.

Mhadhiri akaketi juu ya meza. "Tangu muhula uanze nawauliza," akasema. "Nilimwambia mke wangu kwamba mwaka huu nimepata darasa la ajabu. Nilimwambia hata mama mkwe."

Tulimwonea huruma, na tukajionea aibu. Kisha akainuka, akaiokota dasta, akafuta ubao wote.

"Haya. Somo linaanza saa mbili. Binti huyu kafika dakika kumi kabla. Yule kule juu anayepiga miayo kafika dakika kumi baadaye. Mmoja ni hasi kumi, mwingine chanya kumi. Nikizijumlisha zilivyo, napata ngapi?"

"Sifuri."

"Kwa hiyo darasa zima limefika kwa wakati?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Godoro akainama kwa adabu kama mtu aliyesifiwa.

"Mnaona? Zinauana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kila moja tunaizidisha kwa yenyewe kwanza, ili hasi igeuke chanya, isiwepo ya kuua nyingine. Mwishoni tunatafuta wastani wake, kisha kipeuo cha pili, tunarudi kwenye dakika zetu. Ni hilo tu."

Ni hilo tu. Jitu lililotunyima usingizi wiki nzima likavua ngozi yake mbele yetu, tukaona ndani yake Godoro amechelewa. Mhadhiri akageuka, safari hii akiwa ameiweka dasta mezani.

"Tumeelewa?"

Watu wote mia mbili na ushee tuliutazama ule mgongo wenye makunyanzi katika safu ya kwanza. Radi akausoma ubao mstari kwa mstari, kidole chake kikifuata hewani, mpaka akafika mwisho.

"Ndiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

Yahifadhiwe hayo, yasimuliwe kwa watakaokuja na mabegi mapya. Jumatatu Radi alilikabili jitu akafaulu, si kwa kishindo, bali kwa kiasi cha kumnyima mdogo wake la kupeleka kwa mama. Mhadhiri hakuuliza tena kama tumeelewa, tangu siku ile huuliza, "Nani kapotelea wapi?" na husubiri. Na mtu akikwama darasani, jirani yake humgusa kiwiko na kumnong'oneza, "Piga radi."

Lakini ushindi wa ukumbini haukuwa wa mwisho Ijumaa ile. Jioni alimpigia dada yake, akamsimulia yote tangu ngazi hadi dasta, kwa sauti iliyosikika korido nzima.

"Nimefurahi, mdogo wangu," akasema dada. "Kweli nimefurahi. Na shuka umefua?"

Radi akaligeukia lile shuka, lililokuwa limekunjamana kitandani tangu muhula ufunguliwe. Ndiyo ikampanda kooni. Tukiwa mlangoni, mimi na Godoro, tuliiona ikipanda.

"Hapana, dada," akasema, akashika ndoo.