Ombi la Kufuta Herufi P

Garissa,
Agosti 1966

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wanafunzi wa Sheria,

Assalamu alaykum. Katika toleo lililopita ulitualika sisi wanasheria chipukizi tutoe maoni juu ya haki katika mashauri ya madai. Najua wenzangu watakuandikia kutoka maktaba, feni ikizunguka juu ya vichwa vyao. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimerudi nyumbani likizo kwa lori la msafara wenye askari mbele na nyuma kwa sababu ya vita hivi vya kujitenga, na maoni yangu nimeyapata kwa uchungu. Naomba herufi P ifutwe kisheria katika mashauri yote ya madai, kuanzia Mandera hadi Masalani.

Usicheke. Eddo Maka, dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na mali yake yote ni punda mmoja wa kubebea maji ya Mto Tana. Jirani yetu Gelle alimchukua, akidai ni wake aliyempotea mwaka juzi. Eddo alitaka kwenda kwa wazee. Nikamwambia asihangaike, siku hizi tuna mahakama, na yeye ana mwanasheria nyumbani. Nikamwandikia hati ya madai kwa mkono wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi Wasomali, P ikipita midomoni mwetu hutoka B. Karani wa masijala ametoka Kenya (ndivyo tunavyosema hapa, ingawa Serikali imetukumbusha mara nyingi kwamba na hapa pia ni Kenya). Bila shaka alimsikia Eddo akisema “bunda yangu”, ndipo akaandika katika daftari la mashauri: “Madai ya bunda moja.” Bunda, Ndugu Mhariri, kama la kuni! Tena alithubutu kuichorachora hati yangu kwa penseli. Niliufuta mchoro wake kwa raba mbele ya macho yake, bila hata kupoteza muda kuusoma.

2. Siku ya shauri Gelle alifika na punda huyohuyo, akamfunga chini ya dirisha la mahakama. Punda akalia. Hakimu akaamuru mnyama aondolewe ili shauri la bunda lisikilizwe kwa utulivu. Gelle akashika Msahafu. Ni mtu anayemcha Mungu, na angetakiwa kuapa juu ya punda angetetemeka. Lakini aliapa kwa sauti kubwa kwamba hajawahi kuchukua bunda lolote la mama huyu, na ilikuwa kweli tupu. Sijapata kuona mtu akifurahia kiapo namna ile. Shauri likatupwa.

3. Nikawasilisha bingamizi. Nilimhitaji shahidi wetu Abdille, aliyeko Masalani, na katika hali hii ya hatari hasafiri mtu bila pasi. Ofisi ya pasi ikauliza anakuja kushuhudia nini. Nikaonyesha karatasi ya mahakama: bunda. Wakauliza bunda la nini, nami nikajibu kwamba hilo litaamuliwa na mahakama. Siku hizi bunda lisilojulikana lina nini si jambo la mchezo. Askari wanne walikuja kupekua nyumba ya Eddo, wakakuta bunda la kuni na bunda la miswaki, wakaondoka na miswaki kama kielelezo. Abdille hakupewa pasi.

4. Sasa nauliza, P ikifutwa nani ataumia? Polisi wataitwa bolisi, kama wanavyoitwa tayari. Askari wa kizuizi cha barabarani akidai pasi, sisi tutajibu basi, na hilo ndilo neno ambalo wilaya nzima imekuwa ikitaka kulisema tangu mwaka sitini na tatu. Makarani wanaotoka Kenya wafanyiwe mtihani wa B. Watakaoshindwa wabebe maji mahali pa punda, wakianza na karani wetu.

Nasema wazi kwamba nimeumia. Eddo ana miaka sitini. Kila asubuhi nikiamka nakuta madebe yamejaa, na roho inaniuma nikifikiria mgongo wake. Na bado anawaambia majirani kwamba mtoto wa kaka yake ni mwanasheria.

Nisalimie wahadhiri wote, wapishi wa bwenini, na Mursal aliyebaki na godoro langu. Eddo pia anakusalimu, ingawa hakujui.

Wako katika kudai haki,
Ahmednoor Duale

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeisoma tena barua, nikaona katika lalamiko la tatu nimeandika “bingamizi”. Nimekimbia masijala kuomba jalada. Hati ya madai, kwa mwandiko wangu mzuri, inasema: “bunda moja, jike, la kijivu, lenye sikio lililokatwa.” Pembeni, chini ya alama za raba yangu, penseli ya karani bado inasomeka: “punda?” Alinakili tu nilichoandika. Hakunicheka. Ameniambia kosa kama hilo hurekebishwa kwa sahihi moja ya hakimu, na kwamba Gelle, aliposikia huenda akaapa upya, ameuliza kama anaweza kumrudisha mnyama kimyakimya. Nikamshukuru, nikatoka. Mlangoni nikaiona baiskeli ya karani. Nyuma yake limefungwa debe la Eddo, lile lenye kiraka cha bati, bado linadondosha maji. Usiichapishe barua hii. Kesho nitaamka mapema.